Balozi wa Nyumba Kumi za Makongeni

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilisema maneno yale. Kaka yangu Wanjala huyasimulia kila jamaa wanapokutana, arusini, kwenye mahafali, hata mara moja matangani kabla ya chai kupoa, na kila mara mimi hutikisa kichwa taratibu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Nimewahi kusema kwamba aliyeyatamka ni Zawadi. Nimewahi kusema kwamba siku hiyo nilikuwa nyumbani nikiugua surua. Nilipopata shahada yangu ya uhusiano wa kimataifa nikaanza kusema kwamba kisa chenyewe hakiwezekani kiitifaki, na hapo watu wakanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuuliza itifaki ni nini. Basi acha nikubali. Nilisema. Nikiwa msichana wa darasa la tano, nimevalia viatu vya Wanjala vilivyojazwa magazeti mbele, nilisimama katika ofisi ya ubalozi wa nchi ya kigeni, na afisa alipouliza balozi ni nani, nikajibu, "Ni mimi."

Kilichonilegeza ulimi ni harufu. Juzi nilikuwa nimeketi kwenye ubalozi mmoja mjini nikingojea viza ya kwenda kusoma makala yangu mbele ya watu wanane, wawili kati yao wakiwa wamelala, kama kawaida. Mfanyakazi akapita na kitambaa akipaka nta nyekundu sakafuni, ile ya mkebe, ambayo nilidhani haitengenezwi tena. Nikajikuta nimebana magoti na kunyoosha mgongo, nikingoja mtu mzima aniambie nikae vizuri. Yule wa dirishani akaniuliza, "Madhumuni ya safari?"

Tulikaa Makongeni, Nairobi, katika nyumba za reli. Baba alikuwa karani wa reli, cheo kilichomfanya kuwa msomi wa safu yetu, maana gazeti lilipitia kwake kabla ya kwenda kufungia nyama. Nyumba zilikuwa zimeshikana kama mabehewa, mfereji wa maji mmoja mwishoni, vyoo mwisho wa pili, na katikati maisha yetu yote yakiwa yameanikwa kwenye kamba. Upepo ukitoka upande wa viwandani tulinusa sabuni na mafuta ya kupikia; ukitoka upande wa mto tulifunga madirisha.

Kabla sijapata akili, reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Mtu angeweza kuzaliwa Tabora, akaajiriwa Nairobi, akaoa Moshi, na asiulizwe na yeyote yeye ni wa wapi, kwa kuwa jibu lilikuwa moja: wa reli. Kisha wakubwa wakakosana, na reli ikagawanywa kama vyombo vya ndugu waliogombana, huyu achukue sufuria, yule achukue kifuniko. Wafanyakazi wakaambiwa kila mtu arudi kwao. Jirani yetu Baba Zawadi, fundi wa breki, Mtanzania, akapanda gari moshi na sanduku moja. Mkewe alibaki kwa sababu binti yao, Zawadi, alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Waliambiana ni suala la wiki moja, au mbili zikizidi. Mpaka ukafungwa, na ukabaki umefungwa mpaka mimi nikaanza shule, nikang'oka meno, nikaota mengine.

Shirika la reli likaitaka nyumba ya kina Zawadi. Mama yangu, ambaye hakuwa na desturi ya kushauriana, alihamisha makaa na magunia kutoka kile chumba chetu cha nyuma na kumwambia Mama Zawadi aingize kitanda. Baba alirudi kazini akakuta imekwisha kuwa. Ndivyo nilivyopata mwenzangu wa kulala naye mzungu wa nne, miguu yake kichwani pangu, mama wa pili, na kiasi kikubwa cha Kiswahili ambacho hakuna mtu mwingine Makongeni aliyekuwa na haja nacho.

Mama Zawadi alifuma vitambaa vya makochi. Hapakuwa na kochi katika safu yetu, wala redio, wala meza, ambayo haikuvaa kitambaa chake cheupe chenye maua pembeni. Alifuma bila kuangalia mikono, na akifuma alituhadithia kwao. Aliongea polepole, na alituomba vitu ambavyo mama zetu walituamuru. "Naomba unipatie uzi huo, mwanangu." Mara ya kwanza niliangalia nyuma nione anaongea na nani.

Jioni moja, Mama Njeri wa nyumba ya nne, aliyeuza mitumba Gikomba, alikuwa amegombana na mtu fulani kwenye mfereji hadi ndoo zikapinduka. Mama Zawadi akacheka chini chini, akasema, "Kwetu jambo hili lingekwisha zamani. Lingepelekwa kwa balozi."

"Balozi gani?" nikauliza.

"Balozi wetu. Kila nyumba kumi zina balozi wake."

Mimi nilimjua balozi. Kila siku saa saba redio ilitusomea kwamba balozi wa nchi fulani amewasilisha hati zake za utambulisho Ikulu, na mara moja darasa letu lilipangwa kando ya barabara kupungia magari, nikaliona moja jeusi, refu, lenye bendera ndogo ikipigapiga mbele. Sasa naambiwa kuna nchi ambako kila nyumba kumi zina mtu wa namna hiyo. Nilihesabu nyumba zetu toka mfereji hadi kwa Mama Njeri na kuendelea mpaka kwa Baba Achieng', ya kumi, nikajaribu kuweka gari jeusi hapo. Halingepita. Kamba za nguo zingelizuia.

Nilimpelekea Baba suala hilo wakati wa chakula. Baba hakuwa mtu wa kusema hajui. Alitafuna, akameza, akasema, "Unaona sasa? Ndiyo maana ile nchi haina sukari. Pesa zote zinaishia kwa mabalozi." Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa maarifa yangu yote ya uchumi wa jirani zetu, na nimesikia wataalamu wakitoa mabaya zaidi.

Ilikuwa wazi kwamba safu yetu ilikuwa nyuma kimaendeleo. Zawadi na mimi tukaketi nyuma ya choo, tukafanya uchaguzi wa wapiga kura wawili, nami nikapita bila kupingwa kwa sababu Zawadi hakupenda kuongea na watu wazima. Iliyobaki ni kuwasilisha hati za utambulisho. Sikuwa na hati yoyote ila ripoti ya shule. Nikaichukua, nikabisha mlango baada ya mlango, nikaipokeza kwa mikono miwili na kuinama.

Mama Njeri aliisoma hadi chini. "Wee kasichana, unatembeza ripoti kama karanga? Na hii hesabu ni mbaya hivi, unaringia nini?"

"Mimi ndiye balozi wenu," nikamwambia.

"Balozi? Basi mheshimiwa, niondolee huyu paka kwa mlango."

Nikamwondoa paka. Huo ulikuwa utekelezaji wangu wa kwanza. Baadaye nilipatanisha watoto mapacha wa nyumba ya saba kuhusu tairi, nikawapokea wageni wa watu kwenye kona na kuwauliza wametoka wapi na watakaa siku ngapi, na nikapeleka habari toka mlango hadi mlango, nyingi zikiwa za sufuria zilizoazimwa. Wanjala hakuniacha nipumue. Kila nilipopita na ndoo alipiga saluti. "Mheshimiwa! Gari la bendera umeegesha wapi? Kwa choo?" Chuo kikuu, mhadhiri mmoja alituandikia ubaoni kazi za ubalozi: kuwakilisha, kulinda wananchi wake, kujadiliana, kupeleka nyumbani taarifa za kweli, kukuza urafiki. Niliandika huku nikiwaza kwamba amesahau paka.

Mwaka ule ule wakubwa wakapatana. Mpaka ukafunguliwa, na watu waliokuwa wamesimama upande huu wakiangalia ule wakavuka na vifurushi vyao kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama Zawadi hakwenda popote. Aliendelea kufuma.

Mama yangu alivumilia kwa kadiri alivyoweza, yaani siku chache. "Mama Zawadi, mabasi yanaenda. Unangoja nini?"

"Niende wapi, Mama Wanjala? Barua zangu zote alizipata nani? Alihamishwa kutoka Dar es Salaam, hilo najua. Juzi dereva mmoja wa gari moshi amesema alimwona Tabora. Alimwona kwa mbali, kwenye jukwaa la stesheni."

"Basi nenda Tabora."

"Nishuke Tabora, nibishe mlango gani?" Aliuvuta uzi. "Na nikiujua huo mlango, siwezi kuugonga bila kujua atakayeufungua."

Mama Njeri alikuwepo, amekuja kuchagua kitambaa cha redio, na hakujua kunyamaza. "Mwanamume miaka yote hiyo peke yake? Hata paka hawezi."

"Wako wanaongoja," Mama Zawadi akasema.

"Wapi? Nionyeshe mmoja, nilipe kiingilio nimwangalie kama simba wa bustani."

Mama alimfinya, lakini nilikuwa nimesikia. Mimi pia nilikuwa na msimamo katika jambo hilo. Kama balozi wa nyumba kumi sera yangu ya nje ilikuwa moja tu: Zawadi asiende. Alikuwa na joto usiku, alijua kunyamaza, na aliniachia upande wa ukutani. Tabora ilikuwa ni jina kwenye ramani ya darasani, mahali ambapo reli inagawanyika njia mbili, na nilitumaini mtu aliyeonekana kwenye jukwaa alikuwa mtu mwingine mwenye mabega kama yake. Zawadi mwenyewe alimkumbuka baba yake kama mkono wenye grisi uliomshika paji la uso, basi.

Aliyepata njia alikuwa Baba. Alisoma gazetini kwamba nchi ya kina Zawadi sasa ina ofisi ya ubalozi mjini. "Hiyo ndiyo kazi yao," akasema, akilipiga gazeti kwa kidole. "Mtu wao amepotelewa na mtu wao. Waulizwe."

"Balozi ataniona mimi?" Mama Zawadi akauliza. "Mfuma vitambaa?"

"Kama hakuoni wewe," Baba akajibu, "amekuja kumwona nani?"

Ilibidi Zawadi aende, kwa sababu alikuwa ushahidi. Ilibidi mimi niende kwa sababu nililia. Nilieleza kwamba ni ziara ya kikazi. Mama alichoka kubishana, akanipaka mafuta hadi magoti yakang'aa na kunivisha viatu vya Wanjala. Wanjala, aliyekuwa ameudhika kuhusu viatu, alinivuta kando na kunipa siri: "Skiza, ukipita ule mlango uko Tanzania. Si mchezo. Hata karao wa Kenya hawezi kukushika ukiwa ndani. Lakini ukikosea huko, unafungwa huko."

Tulikwenda kwa miguu, tukapita Muthurwa, tukaingia mjini kabla jua halijawa kali. Nilitarajia lango lenye simba wawili wa mawe. Ilikuwa ni ghorofa ya juu ya jengo la maduka, mlango wa mbao kama mlango wa daktari wa meno, na bendera ndogo kando yake. Nilipofika kizingitini nilisimama mguu mmoja ndani na mmoja nje ili nisikie tofauti. Mguu wa Tanzania ulikuwa na baridi kidogo, lakini labda ni kwa sababu ya sakafu, iliyokuwa imepakwa nta nyekundu mpaka unajiona.

Mama Zawadi naye alisimama. Aliifunga upya kanga yake, akaikunjua, akaifunga tena. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, na akaingia hivyo, peku, kama mtu anayeingia chumba cha mama yake.

Ndani palikuwa na benchi, na kwenye benchi palikuwa na kazi yote ya ubalozi, ingawa sikujua. Kulikuwa na dereva wa lori ambaye karatasi za mzigo wake zilikuwa zimekwama mahali. Kulikuwa na mzee aliyetaka kumzika mwanawe kwao na hakujua maiti anahitaji kibali. Kulikuwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amepoteza pasi yake na sasa alikuwa akimweleza kila mtu kwamba hakulewa. Nilitafuta watu wenye kofia ndefu na glasi mkononi, kama nilivyowaona gazetini. Hawakuwepo. Kulikuwa na mwanamke akipiga taipu, na birika la chai.

Afisa aliyetuita alikuwa mwembamba, mwenye miwani, aliyevaa suti ya mikono mifupi. "Karibu, ndugu," akamwambia Mama Zawadi. "Kaa, ndugu yangu."

Moyo ukaniruka. Tulikuwa hata hatujaeleza shida, na tayari Mama Zawadi amempata kaka yake. Nilimkonyeza Zawadi. Nikamwambia yule afisa kwa sauti ya Makongeni, "Tunataka kuona balozi. Na unipe maji."

Afisa aliniangalia juu ya miwani. Sisi wa Nairobi tunaomba vitu kana kwamba tumenyang'anywa, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama Zawadi akafunika uso. "Samahani, ndugu. Ni mtoto wa hapa. Ana moyo mzuri."

Maji yakaletwa. Kisha akaeleza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kisa chao kikisemwa kwa mpangilio, toka hospitali hadi dereva wa gari moshi. Afisa aliandika. Jina la mume, kabila, kijiji alichozaliwa, kazi yake. Akaeleza kwamba wao watapeleka ujumbe wizarani, wizara ipeleke mkoani, mkoa uulize reli; lakini mji ni mkubwa na mafundi wa reli ni wengi, na kwa hiyo, ili wasizunguke, aliuliza swali lake bila kuinua kichwa.

"Na balozi wake ni nani? Mnamjua balozi?"

Mama Zawadi alikuwa akifikiri. Zawadi alinisukuma kwa kiwiko, kwa sababu alikuwa ndiye mpiga kura wangu, na alitaka nitimize wajibu. Nikasimama. Magazeti yakalia ndani ya viatu.

"Ni mimi," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Wewe ndiye nani?"

"Balozi. Nyumba kumi. Toka mfereji mpaka kwa Baba Achieng'."

Mwanamke wa taipu ndiye aliyeanza. Alicheka kwa kilio, akilaza kichwa juu ya mashine. Akafuata mwanafunzi, kisha dereva wa lori, na hata yule mzee wa maiti akatabasamu na kufuta macho, na nikaona kwamba siku ile alikuwa hajatabasamu kabla. Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mtu mfupi, mnene, mwenye mvi, ameshika kikombe, akiuliza kuna nini.

"Mheshimiwa," afisa akasema akijizuia, "kuna balozi mwenzako hapa."

Yule mwenye kikombe hakucheka, na kwa hilo ningempigia kura popote. Aliweka kikombe chini, akanipa mkono. "Karibu sana, Mheshimiwa. Unawakilisha wapi?"

"Makongeni."

"Na uhusiano wenu na majirani ukoje?"

"Mzuri," nikasema. "Isipokuwa maji."

"Hata sisi," akasema, "maji ndiyo husumbua." Akachukua kikombe chake na kurudi ndani.

Afisa ndiye aliyenifafanulia, akifuta miwani. Balozi aliyeulizia yeye alikuwa wa nyumba kumi, wa mtaa anakokaa yule bwana huko Tabora. "Huyu mkubwa wetu anawajua mawaziri," akasema. "Yule mdogo anajua nani amelala nyumba gani. Ukitafuta mtu, unamtafuta yule." Nilielewa maneno yote, na pia nilielewa kwamba nilikuwa nimechekwa na nchi nzima, tena ndani ya ardhi yake. Njia yote ya kurudi nilimsihi Zawadi asimwambie Wanjala. Alimwambia kabla hajavua viatu.

Wiki zikapita. Nilijiuzulu kimya kimya, ingawa Mama Njeri aliendelea kunitumia kuhusu paka. Mama Zawadi alianza kufuma kitu kikubwa kuliko vitambaa vyote alivyowahi kufuma, kitambaa cha meza ya watu wengi, na hakumwambia mtu ni cha nani. Mama hakuuliza, na kwa Mama kutouliza ilikuwa kazi ya sulubu. Nyakati za jioni nilimwona Zawadi akimtazama mama yake, kisha akitazama ile meza isiyokuwepo. Nilifanya hesabu zangu. Kitambaa cha namna ile hakifumwi na mtu anayebaki kwenye chumba cha makaa.

Kisha Baba akapigiwa simu kazini. Ubalozi ulisema mtu amepatikana. Mama Zawadi aende Ijumaa asubuhi. Wangejaribu kumpata kwa simu ya stesheni ya Tabora.

"Amepatikana vipi?" Mama akauliza. "Mzima? Mgonjwa? Yuko vipi?"

"Wamesema amepatikana," Baba akajibu. "Wale watu hawasemi kitu ambacho hawajatumwa."

Safari hii Mama alikuja pia, amevaa nguo ya kanisani. Tuliketi kwenye lile benchi sote wanne, tumebanana. Afisa alizungumza na opereta mmoja, kisha mwingine, kisha akangoja na mkono hewani kama mtu anayesikiliza mvua. Laini ilikuwa mbaya, na watu wa upande wa pili waliwasiliana kwa kupiga kelele, kwa hiyo sauti ilipokuja ilijaa chumba kizima.

"Haloo! Hapa Tabora! Mimi ndiye balozi!"

Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, yenye kikohozi. Afisa akampa Mama Zawadi mkono wa simu. Aliushika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mama wa yule mtoto wa mapafu? Mko hai?"

"Tuko hai. Yuko hapa, ni mkubwa."

"Alhamdulillahi. Sasa nisikilize, mama. Nimeombwa nikuambie mimi kwanza, ili usikie kwa mtu mzima. Mumeo yupo. Ni mtu wangu, nyumba ya sita. Alingoja, mama. Nimemwona kwa macho yangu akingoja. Huu ni mwaka wa tatu tangu aoe."

Mama yangu akanishika mkono kwa nguvu kiasi cha kuniumiza. Mama Zawadi hakusogea.

"Ameoa wapi?" akauliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia rangi ya uzi.

"Hapa hapa. Binti wa fundi mwenzake. Ni binti mwenye adabu."

"Wana watoto?"

"Wawili. Wa pili ana miezi michache." Kikohozi. "Anasema wewe ni mkewe, hajakuacha. Anasema ukikubali kuja, nyumba itatafutwa. Yule binti naye amekubali, nimekaa naye nikamwuliza mimi mwenyewe. Basi neno liko kwako. Ukisema unakuja, tutakupokea stesheni, mimi na wazee. Ukisema hapana, hakuna wa kukulaumu."

Mama Zawadi alimtazama Zawadi, aliyekuwa ameangalia vidole vyake vya miguu, kisha akamtazama Mama yangu. Niliona jinsi mtu mzima anavyoamua jambo. Haikuwa kitu kikubwa. Alishusha mabega tu, kama anayetua mzigo uliokuwa kichwani muda mrefu mpaka shingo ikausahau.

"Mzee wangu, asante kwa kusema kweli," akasema. "Mwambie hatuji. Mwambie simlaumu, na yule binti simlaumu. Anipe talaka yangu kwa amani. Mtoto ni wake. Akitaka kumwona, njia sasa ipo. Mwambie Zawadi amepona kabisa. Amekuwa mrefu, anavaa kanga zangu, na akicheka anacheka kama yeye. Na mwambie nimemfumia kitambaa cha meza, nitakileta hapa ubalozini wakipeleke. Ni cha nyumba yake."

Upande wa pili palikuwa na mvumo, na nyuma ya mvumo tukasikia mtu akipenga kamasi karibu sana na simu.

"Mwanangu," sauti ya mzee ikasema, chini kuliko mwanzo, "yuko hapa. Amesimama kando yangu, anasikia. Nimpe simu umwambie mwenyewe?"

"Hapana, mzee," Mama Zawadi akasema. "Wewe ndiye balozi. Mwambie wewe."